Debe Juu ya Waifai

Aliyefunika kiboksi cha waifai kwa debe la asali ni mimi. Mama mkwe wangu hakuhusika. Kwa miaka miwili ameibeba kesi hiyo kwenye kila mkusanyiko wa ukoo, iwe kipaimara, iwe kupokea mahari, hata msibani siku ya tatu watu wakishaanza kuchangamka, na mimi nimekuwa nikikaa pembeni nacheka pamoja na wengine. Mara nyingine naongeza chumvi. Mtu akiniuliza, "Hivi kweli shemeji, mama alifunika mtandao kwa debe?" namjibu, "Muulize mwenyewe." Mwenyewe anasema, "Ndiyo, ni mimi, kwani shida iko wapi?" na hadithi inaishia hapo.

Wiki iliyopita nilimwambia nataka kuandika ukweli. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Andika," alisema. "Nimechoka kuchekwa na watu ambao hata mzinga mmoja hawajawahi kupandisha mtini."

Basi naandika.

Tunaishi Majengo, hapa Mpanda mjini. Mume wangu ni afisa nyuki. Kazi yake ni kuzunguka na pikipiki kwenye vikundi vya wafuga nyuki, hasa upande wa Inyonga alikozaliwa, kuwafundisha kurina na kuchuja asali bila kuiharibu, na kurudi na sampuli. Kwa hiyo nyumba yetu ina madebe kama nyumba nyingine zinavyokuwa na viti. Kuna debe mlangoni, debe chini ya kitanda cha wageni, madebe matano stoo. Mgeni akikosa pa kukaa anageuziwa debe. Nimeshaacha kuyaona.

Mimi nilisoma ualimu wa fizikia chuo kikuu, nikaifundisha miaka kumi na moja, kisha nikaiacha chaki na kuanza kuandika makala za magazetini. Nayataja haya ya shule kwa sababu ndiyo yanayonitia aibu zaidi. Asiyejua wimbi ni nini ana haki ya kuliogopa. Mimi nimewahi kusahihisha mitihani ya mawimbi.

Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Inyonga kwa ajili ya goti lake, na kiboksi cha waifai kikaja wiki hiyo hiyo, kwa ajili ya mikutano ya mume wangu na wakubwa wake inayofanyika kwa kompyuta. Kikawekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, kina taa tatu za kijani zinazopepesa. Mama alikitazama siku ya kwanza kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. Siku ya pili akahamisha kiti chake. Siku ya tatu akauliza.

"Hicho kidude chenu kinatoa nini?"

"Mawimbi, mama. Ya redio. Ndiyo yanayobeba mtandao."

"Yanapita wapi?"

"Yanapita tu. Hewani, ukutani."

"Na kwangu yanapita?"

Nikasema ndiyo, yanapita. Nikaona kanga inavutwa mabegani.

Hapo ndipo mwalimu aliyelala ndani yangu alipoamka. Nilichukua tochi na kijiko nikamfundisha mezani, mume wangu akisikiliza. Nikamweleza kwamba mawimbi ya simu na ya waifai ni ndugu wa mwanga, ila wale ndugu wanyonge. Yapo mawimbi yenye nguvu ya kuvunjavunja vitu vidogo kabisa vya mwili, kama yale ya kupiga picha ya mifupa, ndiyo maana hospitali wanakuvalisha kinga nzito. Haya ya nyumbani hayana nguvu hiyo. Yakizidi sana yanaweza kupasha joto kitu, na ya kiboksi chetu hayafiki hata huko.

"Yaani mwanga wa tochi una nguvu kuyashinda?" aliuliza.

"Kila chembe ya mwanga huo, ndiyo, mama."

"Na jua ni mwanga?"

"Ni mwanga."

"Mbona linaunguza ngozi?"

Mume wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Nilikuwa na jibu, jibu zuri tu, kwamba jua lina mwanga wa aina nyingi na ule unaounguza ndio upande wenye nguvu, lakini darasa lilikuwa limeshavunjika. Mama akamalizia kwamba kule kwao mnara wa simu ulipojengwa karibu na msitu, nyuki walihama mizinga mitatu ya marehemu mume wake. "Nyuki anajua," alisema. "Nyie mna vyeti, nyuki hana cheti, lakini anajua."

Mwanawe akamkumbusha kwamba mwaka huo kulikuwa na moto wa nyika uliofagia upande wote ule. Mama akasema moto ulikuwa kila mwaka, mnara ulikuwa mpya.

Nikaandika makala kuhusu mazungumzo hayo. Ilikuwa makala ya kuchekesha, nasikitika kusema, na watu waliipenda. Mama mkwe sikumtaja, niliandika "bibi mmoja", lakini katika nyumba yenye bibi mmoja hilo halifichi kitu. Mume wangu alimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeandika vizuri," akaenda kulala.

Miezi minne baadaye nilikwenda kusuka. Msusi wangu ana kibanda mitaa miwili kutoka nyumbani, na mikono yake ina nguvu za kupakia magunia. Alifika nyuma ya sikio la kulia akasimama.

"Mama, hapa una kakitu."

"Kakitu gani?"

"Kapo. Kama njegere. Hakaumi?"

Hakakuwa kanauma. Nilipeleka kidole, nikakakuta. Kaduara, kadogo, kanasogea kidogo ukikabonyeza. Nyuma ya sikio la kulia, yaani sikio langu la simu. La kushoto huwa silipi kazi yoyote ya maana. La kulia ndilo lililosikiliza wahariri, wazazi wa wanafunzi, mafundi wa bomba, dada zangu, kwa miaka ishirini, simu imebanwa kati yake na bega huku mikono inakoroga ugali.

Msusi akaendelea kusuka. Mimi nikawa nimekaa pale kwenye kigoda najiambia yote niliyowaambia wanafunzi: hayana nguvu ya kuvunja, yanapasha joto kidogo tu, hakuna sababu. Kila sentensi ilikuwa sahihi na hakuna hata moja iliyofika tumboni.

Hospitali, daktari kijana mwenye sauti ya upole alinibonyeza, akaniuliza maswali, akasema pengine si kitu. Lakini kwa umri wangu ni vizuri kuhakikisha. Akachoma sindano nyembamba, akavuta kidogo, akapaka kwenye vipande vya kioo. Vitapelekwa nje ya mkoa, alisema, huku hatuna wa kuvisoma. Wiki mbili, pengine tatu.

"Nije lini kuchukua majibu?"

"Usisumbuke, mama. Nitakupigia simu."

Nilitaka kumuuliza kama hakuna njia nyingine. Barua, kwa mfano.

Sikumwambia mtu. Mume wangu ni mtu wa vitendo. Ningemwambia asubuhi, mchana tungekuwa kwenye basi la Dar es Salaam na chakula cha njiani. Halafu kulikuwa na ile makala. Nimwambieje mwanaume kwamba ninaogopa kitu kilekile nilichomcheka mama yake mbele ya mkoa mzima? Namba ya daktari niliihifadhi kwenye simu kwa jina la Fundi Cherehani.

Kisha nikaanza, kidogo kidogo, kuwa mjinga.

Kwanza niliacha kuweka simu sikioni. Nikawa naongea kwa spika, nimeishika mbele ya mdomo kama andazi la moto. Hiyo si shida ukiwa nyumbani. Lakini siku moja niko sokoni Kashaulili, nachagua dagaa, mume wangu akapiga kutoka porini, na kabla sijasema lolote akatangazia meza tatu za dagaa kwamba ile dawa ya minyoo imefanya kazi. "Mpe pole shemeji," alisema mwenye dagaa. "Na aongeze mbegu za maboga."

Pili, nikiwa nyumbani simu nikawa naifungia kwenye kabati la chuma la nguo, mwisho wa korido. Nikajiambia ni kwa ajili ya kuandika bila kusumbuliwa.

Tatu ndiyo debe. Nilisema kiboksi kinafaa kikae stoo kwa sababu sebuleni watu wanajikwaa kwenye waya. Mume wangu akakubali bila kusikiliza. Nikakiweka kwenye rafu ya saruji, nikachukua debe tupu la bati kutoka chini ya kitanda cha wageni, la zamani, la aina ambayo siku hizi imeanza kuadimika kwa sababu ya ndoo za plastiki, nikaligeuza, nikakifunika. Bati huzuia mawimbi, hilo nililijua vizuri. Waya wa umeme ukapita chini ya ukingo. Ukiingia stoo uliona madebe sita badala ya matano, na katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu.

Mtandao ukafa. Haukufa kabisa, ulibaki kama mgonjwa anayefumbua jicho mara moja kwa siku. Mume wangu alianza kuingia kwenye mikutano nusu nusu: uso umeganda, mdomo wazi, wakubwa wanauliza kama yupo. Alipiga simu huduma kwa wateja mpaka wakaanza kumwita mzee wetu. Alinunua laini ya kampuni nyingine, akaiweka kwenye kompyuta kwa kifaa cha kuchomeka. Jioni anarudi ameshika kiuno.

"Mke wangu, wewe ndiye msomi wa mawimbi. Tatizo ni nini?"

"Mtandao wa Mpanda unaujua," nilisema. Nilisema hivyo nikimtazama machoni.

La ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nilijua nimeharibu. Kifaa kisichosikika vizuri huongeza sauti. Simu ikiwa mahali penye mtandao dhaifu hutuma kwa nguvu zaidi kuutafuta mnara, na kiboksi kile nacho kilikuwa na laini ndani yake, kinapiga kelele chini ya bati kama mtu aliyefungiwa chooni. Nililifundisha somo hilo kidato cha nne. Nikaliacha debe pale pale. Hofu haikutaka hesabu, ilitaka kitu cha kufunika.

Na mama mkwe? Mama alirudisha kiti chake mahali pa zamani sebuleni, pale ambapo kiboksi kilikuwapo, akakaa na mapaja yake yote mawili. Hakuuliza kidude kimekwenda wapi.

Ilikuwa Agosti. Nyasi zimeungua, maua hakuna, vumbi liko mpaka kwenye chumvi. Mwezi huo nyuki wa huku wana njaa, wanaingia kwenye chupa za soda na kwenye makombo ya miwa. Jumamosi moja saa nne asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia mlio stoo. Nilifungua mlango, nikaufunga.

"Baba!" niliita. Huwa namwita hivyo mambo yakiharibika.

Alikuja na kibomba chake cha moshi na uso wa mtu aliyeletewa zawadi. Akachungulia. "Hawa si kundi la kuhamia," alisema. "Hawa ni wezi. Wamenusa asali. Lakini madebe yote nimeosha mwenyewe."

Hakuwa ameosha lile la zamani. Chini kabisa lilikuwa na ukoko wa asali iliyoganda, labda wa misimu miwili. Na nilipoligeuza, ule ukoko ukawa juu ya kiboksi, na kiboksi, kwa kuwaka mchana na usiku na kuhangaika kuutafuta mnara, kilikuwa na joto. Taratibu, siku baada ya siku, ukoko ulikuwa umeyeyuka na kudondoka. Nilipika asali kwa waifai. Sidhani kama kuna mtu mwingine mwenye shahada aliyewahi kufanya hivyo.

Mume wangu alipuliza moshi, akasubiri, akaliinua debe. Tulikuwa tumesimama mlangoni, mimi na mama, kanga vichwani. Kiboksi kilikuwa kimekaa pale, kinang'aa kwa asali, taa tatu za kijani zinapepesa, na juu yake nyuki wasiopungua mia wanatembea kwa raha kama wako sokoni.

Mume wangu aliliweka debe chini, taratibu.

"Mama," alisema, bila kugeuka, "si ulisema nyuki wanakikimbia hiki?"

"Nilisema wa Inyonga," mama alijibu. "Hawa ni wa mjini."

Kisha mume wangu akageuka. "Kimefikaje chini ya debe?"

Alikuwa ananitazama mimi. Naikumbuka vizuri sekunde ile, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na neno nililolisema lilikuwa, "Labda mama..."

Sikumalizia. Sikuhitaji kumalizia.

Mama aliivuta kanga. "Ni mimi," alisema. "Kilikuwa kinaniumiza macho."

"Mama! Wiki mbili! Nimenunua laini mpya! Nimegombana na watu wa watu!"

"Ungeuliza."

Mume wangu akacheka. Huo ndio uzuri wake, hasira yake haina mizizi. Alicheka mpaka nyuki wakaanza kumsogelea, akakifuta kiboksi kwa kitambaa kibichi, akakirudisha juu ya kabati la vyombo, akaosha mikono, akachukua pikipiki kwenda kuwasimulia rafiki zake. Hapo ndipo hadithi ilipoanza safari yake.

Tukabaki wawili uani. Mama aliketi kwenye debe, akavuta ungo wa maharage. Nikakaa karibu naye nikijifanya natoa mawe.

"Mama, pale stoo..."

"Achana na stoo. Sikio lina nini?"

Nikaushusha mkono haraka, nikaurudisha kwenye maharage.

"Unalishika kila saa. Ukipika unalishika, ukisali unalishika. Simu unaongea nayo kama unaiogopa itakung'ata. Kidude mmekihamisha, mimi nikaona, huyu aliyenicheka sasa anaogopa kuliko mimi. Nikasema ngoja, atasema. Hujasema. Sina macho mazuri lakini ninayo."

Nikamwambia. Njegere, sindano, vipande vya kioo, wiki tatu ambazo zilikuwa zimekwisha juzi. Nilimwambia na ile makala, kwamba ilikuwa upuuzi.

"Makala ilikuwa nzuri," alisema. "Inama."

Nikainama. Akaigusa ile njegere kwa kidole gumba kilichokuwa na vumbi la maharage, akaizungusha pole pole, hakusema ni nini wala si nini. Akaniachia.

"Sasa hao wa hospitali majibu wanaleta vipi?"

"Watapiga simu."

"Simu iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabati lipi?"

"Lile la chuma. La nguo."

Aliweka ungo chini. "Mtoto wa watu unasubiri simu, na simu umeifungia kwenye chuma! Na wewe ndiye uliyesoma! Kaichukue!"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, korido nzima, kanga inaburuta. Ilikuwa chini ya mashuka. Nilipoitoa kabatini mtandao ukarudi, ukaingia ujumbe wa simu zilizonikosa: Fundi Cherehani, jana, mbili. Fundi Cherehani, leo, moja.

Nilirudi uani nimeishika kwa mikono miwili. Mama akasema, "Mpigie." Nikasema leo Jumamosi. Akasema, "Wewe mpigie." Nikasema labda nisubiri mpaka mume wangu arudi, na huyo ndiye mume ambaye sikuwa nimemwambia. Nikaketi chini, kwenye vumbi, mgongo kwenye debe lake.

Ikaita yenyewe mkononi.

Sikufikiria spika wala mawimbi. Niliibandika sikioni, lile lile la kulia, nikaikandamiza mpaka njegere ikauma.

"Mama, habari za saa hizi? Nimekutafuta tangu jana, hupatikani."

"Nilikuwa... mtandao, daktari."

"Ndiyo, huku kwetu tena. Sasa, majibu yako yamerudi." Nikasikia karatasi. "Ni uvimbe wa mafuta tu. Ni mafuta yamejikusanya chini ya ngozi. Hakuna saratani, hakuna dalili yoyote mbaya. Usipokusumbua unaweza kuuacha hapo hapo. Umenielewa, mama?"

Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa pia nimeanza kulia, na nyuki mmoja aliyepotea kutoka stoo alikuwa anatembea kwenye goti langu, na sikumfukuza.

"Daktari," nilisema, "hauhusiani na... kuongea sana kwa simu?"

"Na simu? Hapana, mama. Mafuta tu, yanaweza kumtokea yeyote. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mama mkwe alikuwa ananivuta bega. "Anasemaje? Anasemaje huyo?"

"Daktari, samahani. Naomba urudie. Kuna mtu hapa anataka kusikia mwenyewe."

Nikabonyeza spika na kumwinulia simu. Lakini mama hakuiamini spika. Aliisukuma kanga nyuma, akainama juu ya goti lake baya, akaegemeza sikio lake lote kwenye kioo cha simu, macho ameyafumba, akasema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Haya, baba. Sema. Nakusikia."